Aiskrimu au Kitindamlo cha Maziwa Kilichogandishwa: Kutambua Chanzo kwa Kuangalia Dalili

Katika friza za maduka makubwa ya Nairobi, mikebe miwili ya lita moja huweza kukaa ubavu kwa ubavu, yote ikiwa na picha ile ile ya vanila, huku bei zake zikitofautiana kiasi cha kumfanya mnunuzi asimame akijiuliza kilichomo. Mmoja umeandikwa aiskrimu. Mwingine, kwa herufi ndogo zaidi, umeandikwa kitindamlo cha maziwa kilichogandishwa, au jina jingine linalokwepa kutaja aiskrimu. Anayechukua wa pili bila kusoma hulalamika baadaye kwamba ameuziwa kitu kibovu, na anayechukua wa kwanza akakuta una chenga za barafu hulalamika kwamba ameuziwa bandia. Mara nyingi wote wawili wanalaumu kisichostahili lawama.

Kasoro za bidhaa hizi hutoka pande mbili: mchanganyiko uliotumika kiwandani, na baridi iliyoilinda au kushindwa kuilinda bidhaa kutoka kiwandani hadi mezani. Jina lililo kwenye lebo huzungumzia upande wa kwanza peke yake. Kwa hiyo, kabla ya kuchunguza dalili yoyote, jiulize swali hili: je, kasoro hiyo iko katika kila mkebe wa aina hiyo, popote unaponunuliwa, au iko katika mikebe ya duka moja tu? Ikiwa iko kila mahali, tafuta chanzo kwenye orodha ya viambato. Ikiwa duka la mtaa wako linayo na lile la barabara kuu halina, tafuta chanzo kwenye friza, kwenye gari la kusambazia, au kwenye bili ya umeme.

Majina yenyewe yanabeba nini

Sheria hutofautiana baina ya nchi na nchi, na kwa kuwa rafu za Nairobi zina bidhaa za hapa na za kutoka ng'ambo, inafaa kujua kwamba jina moja halina uzito ule ule kila mahali. Nchini Marekani, bidhaa haiwezi kuitwa aiskrimu isipokuwa ina angalau asilimia 10 ya mafuta ya maziwa, kiwango kinachoruhusiwa kushuka hadi asilimia 8 pale ambapo chokoleti au matunda mengi yameongezwa. Tena galoni moja haipaswi kuwa na uzito wa chini ya ratili 4.5, yaani takriban gramu 540 kwa lita. Kinachokosa kufikia viwango hivyo, ama kwa sababu mafuta ya maziwa yamepungua, ama kwa sababu hewa imezidi, ama kwa sababu mafuta ya mimea yameingizwa, hulazimika kutafuta jina jingine, na kitindamlo cha maziwa kilichogandishwa ndilo jina ambalo viwanda vingi vimelipenda. Uingereza, kwa upande mwingine, imezoea kwa miongo mingi aiskrimu iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea na ikaitwa aiskrimu bila kificho. Mkebe kutoka huko wenye neno aiskrimu peke yake haukuahidi krimu hata kidogo.

Ndiyo maana jina la mbele ya mkebe ni mwanzo tu wa uchunguzi. Geuza mkebe usome viambato, ukikumbuka kwamba hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Maziwa na krimu vikiwa juu ya orodha, umeshika kitu kilicho karibu na aiskrimu ya jadi. Maji yakitangulia, yakafuatwa na sukari, mafuta ya mimea, maziwa ya unga na unga wa maji ya jibini (yale yanayobaki jibini inapotengenezwa), umeshika kitindamlo kilichogandishwa hata kama picha ya mbele ina ng'ombe anayekula majani. Hakuna ubaya wowote katika hilo iwapo bei nayo inakiri hivyo. Uangalie pia alama ya ubora ya KEBS, Shirika la Viwango la Kenya. Alama hiyo inakuambia kwamba bidhaa imekaguliwa, lakini haikuambii kwamba ina krimu nyingi.

Dalili: mkebe ni mkubwa lakini mwepesi mkononi

Hii ndiyo dalili rahisi kupimwa, na ningeshauri kila mtu aanze nayo, kwa sababu mizani ya jikoni haina upendeleo. Mchanganyiko wa aiskrimu kabla ya kupigwa huwa na uzito wa takriban kilo 1.1 kwa lita. Mashine inapougandisha hupiga hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayoufanya uweze kuchoteka kwa kijiko. Bila hewa ungepata bonge la barafu tamu. Suala ni kiasi. Lita inapokuwa na uzito wa gramu 550, nusu ya unachokinunua ni hewa. Lita inapofika gramu 800, hewa ni kidogo, na utaihisi bidhaa ikiwa nzito na nyororo ulimini.

Mikebe mingi hapa huuzwa kwa ujazo, yaani kwa mililita, wala si kwa gramu. Mwenye mkebe wa lita mbili anaweza kudhani amepata maradufu ya jirani yake aliyenunua lita moja, kumbe tofauti yao kwa uzito inaweza kuwa ndogo kuliko anavyodhani. Weka mkebe uliojaa kwenye mizani, andika uzito, kisha upime mkebe mtupu baada ya kuisha na utoe. Gawanya bei kwa gramu zilizobaki. Hesabu hiyo mara nyingi hupunguza pengo la bei kati ya aiskrimu ya ghali na kitindamlo cha bei nafuu, na wakati mwingine huligeuza kabisa.

Ikiwa wepesi huo uko katika kila mkebe wa aina hiyo, chanzo ni uamuzi wa kiwanda, wala duka haliwezi kulaumiwa.

Dalili: haiyeyuki, au inayeyuka ikabaki povu

Video za aiskrimu isiyoyeyuka husambaa kwa kasi kwenye simu, zikiambatana na madai ya plastiki na sumu. Madai hayo hayana msingi. Kinachoshikilia umbo la bidhaa iliyogandishwa si barafu peke yake. Vidonge vidogo vya mafuta hugandamana kuzunguka mapovu ya hewa na kutengeneza kiunzi. Vilevile gundi za mimea, kama ile ya mbegu za guar, na ile itokanayo na mwani wa jamii inayolimwa Kibuyuni katika kaunti ya Kwale na kule Zanzibar, hushika maji yasitiririke. Barafu ikiyeyuka, kiunzi hicho hubaki kimesimama.

Ili kutambua kilichopo, chota tonge moja uliweke juu ya chujio, chini yake weka bakuli, kisha uliache mezani mbali na jua. Aiskrimu yenye krimu nyingi na gundi kidogo huanza kudondosha maji mazito yenye rangi ya maziwa, na tonge lenyewe hunywea taratibu kutoka pembeni. Kitindamlo chenye hewa nyingi na vishikizi vingi, yaani gundi hizo za kushika maji, huweza kukaa muda mrefu bila kudondosha chochote, na hatimaye juu ya chujio hubaki povu jeupe jepesi ambalo ukiligusa kwa kijiko halina uzito. Ukiona maji maangavu yakitangulia kutoka, halafu povu likabaki juu, huenda mchanganyiko umetengana, na hapo baridi iliyokatikakatika njiani ni mshukiwa wa kwanza.

Kukataa kuyeyuka, basi, ni ushahidi wa mapishi. Si ushahidi wa hatari.

Dalili: utando wa mafuta hubaki kinywani

Mafuta ya maziwa huyeyuka polepole kadiri joto linavyopanda, na yanapofikia joto la mwili wa binadamu huwa yameyeyuka yote. Hiyo ndiyo sababu krimu husafiri kinywani bila kuacha alama. Mafuta ya nazi huyeyuka mapema zaidi, kwenye nyuzi kama 24 au 25, kwa hiyo nayo hayaachi utando, ingawa ladha yake hutofautiana. Tatizo huletwa na mafuta ya mimea yaliyokazwa kiwandani ili yawe magumu, ambayo baadhi yake hubaki magumu hata kwenye joto la mwili. Hayo hujipaka kwenye kaakaa kama nta, na kikombe cha chai ya moto ndicho kinachoyaondoa. Wanaosema kwamba mafuta yote ya mimea ni sawa hawajayaonja kwa makini.

Utando unaofanana na siagi, wenye vijipunje vidogo, ni jambo jingine. Huo hutokea hata katika aiskrimu halisi, pale krimu ilipopigwa kupita kiasi hadi ikaanza kuwa siagi. Tofauti ni kwamba siagi huyeyuka mdomoni na nta haiyeyuki.

Dalili: chenga za barafu

Hapa ndipo lawama nyingi za Nairobi zinapoangukia mahali pasipofaa. Ulimi huanza kuhisi chembe za barafu zinapozidi takriban mikromita 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita. Aiskrimu iliyotengenezwa vizuri hutoka kiwandani ikiwa na chembe ndogo kuliko hizo, kwa sababu imegandishwa kwa kasi. Ikihifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri na kubaki hapo, chembe hukua polepole sana. Joto likipanda hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, bidhaa bado ni ngumu kwa macho, lakini chembe ndogo huwa zimeanza kuyeyuka. Baridi inaporudi, maji yale hayatengenezi chembe mpya, bali hujishikiza kwenye kubwa zilizosalia. Mzunguko ukirudiwa, kubwa huzidi kuwa kubwa. Hakuna kilichoyeyuka waziwazi, wala hakuna aliyefanya udanganyifu, ila mkebe umeharibika.

Fikiria sasa duka la mtaani lenye friza ya kioo karibu na mlango. Saa kumi jioni wanafunzi hufungua kile kioo mmoja baada ya mwingine, wengine wakikiacha wazi huku wakihesabu sarafu. Jua la magharibi linaingia moja kwa moja. Usiku, mwenye duka anayenunua umeme kwa tokeni huzima friza akiamini kwamba barafu iliyojengeka kwenye kuta itashikilia hadi asubuhi, na mara nyingine umeme wenyewe hukatika bila kuulizwa. Mikebe iliyopangwa juu ya mstari wa kujaza uliochorwa ndani ya friza ndiyo inayoumia zaidi, kwa kuwa hewa baridi haipandi kufika pale. Nunua ya chini.

Dalili za kutazama kabla ya kulipa ni hizi: mkebe wenye theluji nje, kifuniko kilichoganda kando kwa bidhaa iliyowahi kuchuruzika, na mkebe unaobonyea unapoufinya kidogo kwa vidole. Ukishaona moja kati ya hizo, jina lililo kwenye lebo halina umuhimu tena.

Kuna jambo linaloshangaza wapenzi wa aiskrimu halisi: katika mazingira ya umeme unaokatika, kitindamlo chenye gundi nyingi huvumilia kuliko aiskrimu nzuri isiyo na vishikizi, kwa sababu gundi huzuia maji yaliyoyeyuka yasikimbilie chembe kubwa. Mwenye kibanda anayeuza matonge huko mitaani, asiye na jenereta, anaweza kuchagua kitindamlo kwa sababu za busara kabisa, mradi asikiuze kwa jina na bei ya aiskrimu.

Ikiwa chenga zinatokea nyumbani tu, angalia friji yako. Friji zinazojiondolea barafu zenyewe hupasha joto mara kwa mara ili kufanya kazi hiyo, na mkebe ulioegemea ukuta wa nyuma hupata joto hilo. Uhamishe katikati, na ubandike karatasi ya plastiki moja kwa moja juu ya uso wa aiskrimu kabla ya kufunika. Theluji inayojengeka chini ya kifuniko ni maji yaliyotoka ndani ya aiskrimu yenyewe.

Dalili: mchanga

Mchanga na chenga huchanganywa mara kwa mara, ilhali kuvitenganisha ni rahisi. Weka kidogo ulimini usitafune. Chenga za barafu hutoweka baada ya muda mfupi. Mchanga hubaki ukisagika kwenye meno. Mchanga huo ni laktosi, sukari ya maziwa, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji kidogo na baridi, hivyo hujikusanya kuwa fuwele. Hutokea pale kiwanda kilipotia maziwa ya unga mengi au unga wa maji ya jibini, ambao zaidi ya theluthi mbili yake ni laktosi, ili kuongeza uzito kwa gharama ndogo. Vitindamlo vya bei nafuu vinaelekea huko zaidi, ingawa aiskrimu iliyokaa muda mrefu huweza pia kuwa na mchanga. Hakuna tiba ya nyumbani isipokuwa kuisaga kwa maziwa ya baridi na kuinywa.

Dalili: imejitenga na kuta za mkebe, au kifuniko kimeinuka

Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ya Mombasa. Mapovu ya hewa yaliyofungiwa ndani ya aiskrimu hutii kanieneo hiyo. Bidhaa iliyofungwa pwani ikapandishwa hadi Nairobi hutanuka, ikasukuma kifuniko na kuonekana kama imefura. Iliyotengenezwa Nairobi ikateremshwa Mombasa hunywea na kuacha pengo kati yake na mkebe. Ile inayopelekwa Nakuru hupanda Limuru kwanza, ambako mapovu huweza kupasuka, kabla ya kushuka Naivasha. Kadiri hewa ilivyo nyingi, ndivyo dalili hii inavyokuwa kubwa, na ndiyo sababu utaiona zaidi kwenye vitindamlo vyepesi kuliko kwenye aiskrimu nzito. Kama ladha na harufu ni za kawaida na hakuna chenga, kula bila wasiwasi.

Dalili: ngumu mno, au laini mno

Ugumu unaokataa kijiko hutokana na mafuta machache, sukari chache, hewa kidogo, au friza kali sana. Iache kwenye sehemu ya kawaida ya friji kwa dakika kumi. Ulaini wa kudumu, kifaa kikiwa kinafanya kazi, ni wa kupimwa kwa kipimajoto. Visivyofika nyuzi 18 chini ya sifuri ni vingi kuliko wenye vifaa hivyo wanavyodhani. Aiskrimu ya mashine inayotolewa kwenye koni huwa laini kwa makusudi, kwani hutoka ikiwa na nyuzi tano au sita tu chini ya sifuri, na mara nyingi hutengenezwa kwa unga uliokorogwa na maji. Hiyo ikiwa na uchachu, usimalize: mashine haijasafishwa, na kugandisha hakuui vijidudu.

Dalili: tumbo kuvurugika

Anayesumbuliwa na laktosi asikimbilie kitindamlo akidhani kwamba mafuta ya mimea yameondoa maziwa. Yameondoa krimu, ambayo ina laktosi kidogo, na mahali pake huenda pakawa na unga wa maji ya jibini wenye laktosi tele. Mwenye mzio wa protini za maziwa naye hana nafuu yoyote hapa. Kinachomfaa ni barafu ya matunda isiyo na maziwa, na hata hiyo asome lebo.

Dalili: ya nyumbani inatoka kama povu la keki

Wengi jijini hutengeneza aiskrimu bila mashine kwa kupiga krimu, kuchanganya na kopo la maziwa mazito yenye sukari, kisha kugandisha. Ukitumia nusu lita ya krimu ya maziwa yenye asilimia 35 ya mafuta na kopo la gramu 400 la maziwa mazito yenye asilimia 8, mchanganyiko wako una takriban asilimia 23 ya mafuta ya maziwa, zaidi ya maradufu ya kiwango cha chini cha Marekani. Sasa tazama pakiti uliyonunua kwenye duka la vifaa vya keki. Krimu nyingi za kupamba keki zinazouzwa huko ni za mafuta ya mimea, na hupendwa kwa sababu husimama kwenye joto bila kuanguka. Ukiipiga hiyo badala ya krimu ya maziwa, mafuta ya maziwa yanayobaki ni yale ya kopo peke yake, kama asilimia 3 na nusu, na ulichotengeneza ni kitindamlo kilichogandishwa: kitasimama sahanini bila kuyeyuka, kitaacha nta kaakaani, na kitakuwa chepesi. Kupunguza muda wa kupiga hakusaidii, wala kuongeza vanila. Nunua krimu ya maziwa kutoka kwenye rafu ya baridi, uhakikishe kwamba kiambato chake cha kwanza ni krimu, uipige ikiwa imetoka friji sasa hivi, na uache kupiga pale inaposimama kwa ncha laini, kabla haijaonyesha vijipunje vya siagi.